Breki Zinapokataa Mteremkoni: Mazungumzo Kuhusu Magari Yanayovuta Tela

Mada ya kipindi hiki ni breki kufeli katika gari linalovuta tela. Kwa neno tela hapa kinakusudiwa chombo chochote chenye magurudumu kisicho na injini yake, ambacho hukokotwa na gari lililo mbele, liwe ni tela la mizigo linalovutwa na kichwa cha lori, tela dogo la boti au la tenki la maji lililofungwa nyuma ya gari la kawaida, au karavani, yaani chumba cha kulala kilichojengwa juu ya magurudumu, ambacho wasafiri wa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini hukivuta wanapokwenda likizo. Vyombo hivi vinatofautiana kwa ukubwa na kwa bei, lakini mbele ya mteremko mrefu vyote vinafuata kanuni moja, nayo itarudiwa mara kadhaa katika kipindi hiki: breki nyingi zinazokataa bondeni huwa zimekwisha kuharibiwa kileleni, kwa uamuzi wa gia na mwendo uliofanywa kabla gari halijaanza kushuka.

Msikilizaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana maana ya mteremko mrefu, kwa sababu anaijua Kitonga mkoani Iringa, mahali ambapo barabara ya kwenda Zambia hushuka kutoka nyanda za juu, ukuta wa mwamba ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili, hadi kwenye joto la Ruaha Mbuyuni na vibanda vyake vya vitunguu. Anaijua pia Sekenke mkoani Singida, na anaijua miteremko ya Mbeya, ambako malori yenye shehena hushuka yakielekea sehemu zenye makazi, masoko na vituo vya bodaboda. Msikilizaji wa Kenya naye anaikumbuka barabara ya zamani ya Mai Mahiu inayoteremka katika Bonde la Ufa, ikipita kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, na anakikumbuka kipande cha Salgaa na Sachang'wan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambacho kwa miaka mingi kilitajwa katika habari kwa ajili ya ajali za malori. Mahali hapa pote panafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba mteremko ni mrefu kuliko uvumilivu wa dereva mwenye haraka.

Je, breki hufanya kazi gani hasa? Swali hili linaonekana jepesi, lakini jibu lake ndilo msingi wa mengine yote. Breki haiimezi tu ile nguvu ya mwendo ikapotea. Huigeuza kuwa joto, kwa kukisuguanisha kipande cha breki, ambacho mafundi hukiita pedi au kiatu, na chuma kinachozunguka pamoja na tairi, ambacho huwa ni diski, yaani sahani bapa, au drami, yaani chungu cha chuma kinachofunika viatu hivyo. Gari likiwa tambarare, joto hilo huja mara moja moja na upepo wa njiani huliondoa. Mteremkoni hali hubadilika, kwa kuwa uzito wa mzigo husukuma bila kupumzika. Anayeshusha mkokoteni wenye magunia huligundua jambo hili kwa miguu yake: kwenye tambarare ndiye anayeuvuta mkokoteni, lakini kwenye mteremko mkokoteni ndio unaomsukuma, na akisubiri uchanganye mwendo ndipo aanze kujitegemeza, amechelewa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu lori na tela lake, kwa pamoja na mzigo, kufikia tani 56. Uzito wa namna hiyo ukishuka mamia ya mita kwa kwenda chini, joto linalotakiwa kutolewa ni kubwa mno kwa breki peke yake kulibeba.

Joto hilo linapozidi, hutokea mambo yasiyoonekana kutoka kwenye kiti cha dereva. Drami hupanuka na kujitenga na viatu vyake, hivyo viatu hulazimika kusafiri umbali mrefu zaidi kabla ya kuigusa. Uso wa kiatu hupoteza ukali wake wa kusugua. Na katika magari madogo yanayotumia mafuta ya breki, yaani kimiminika kinachopeleka nguvu ya pedali hadi kwenye magurudumu, kimiminika hicho chaweza kuchemka. Hapa panahitaji ufafanuzi kidogo, hasa kwa wakazi wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyochemka mapema: yale ya daraja la DOT 3 yanatakiwa, yakiwa mapya, yavumilie hadi nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachotarajiwa kwao hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa wakati kimiminika hakibanwi, kwa hiyo pedali huzama hadi chini bila kukamata chochote. Mwenye gari aliyekaa miaka sita bila kubadilisha mafuta hayo, kwa sababu mjini gari linasimama vizuri tu, hulijua hilo kwa mara ya kwanza siku alipofunga tela nyuma na kupanda milima ya Usambara, au tuseme siku alipoanza kuishuka.

Katika malori makubwa kazi ya kupeleka nguvu ya pedali hadi kwenye magurudumu hufanywa na upepo, yaani hewa inayoshindiliwa na pampu ya injini na kuhifadhiwa katika matenki, kisha ikaachiliwa kusukuma viatu vya breki kila dereva akanyagapo pedali. Mfumo huu una sifa moja nzuri, ambayo ni springi kubwa iliyofungiwa katika vyumba vya baadhi ya breki, na upepo ukiisha kabisa springi hiyo hujifungua na kuibana breki yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo lori la upepo haliwezi kufeli breki. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa kuwa springi na upepo vyote viwili husukuma viatu vilevile dhidi ya drami ileile, na ikiwa drami imepanuka kwa joto na viatu vimekwisha, hakuna kitakachokamatwa na chochote. Jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini lori ambalo breki zake hazikukazwa sawasawa hupita mjini bila dosari, likasimama vizuri mbele ya askari wa usalama barabarani, halafu likashindwa Kitonga: drami ikiwa baridi, mkono unaosukuma viatu una nafasi ya kutosha, drami ikipata moto, mkono huo hufika mwisho wa safari yake kabla kiatu hakijabana.

Ipo pia desturi ya gereji za njiani ambayo haifai kunyamaziwa. Chumba cha breki cha tairi moja kinapovuja upepo, na vipuri hakuna, fundi hukunja mpira unaopeleka upepo na kuubana kwa waya, ili lori lifike linakokwenda likiwa na breki moja pungufu. Lori hufika, mwenye mali hufurahi, na waya ule husahaulika mahali pake kwa miezi. Tairi zilizobaki hubeba kazi ya tairi lile kila safari, na hakuna anayehesabu zimebaki ngapi.

Sasa linafuata swali la gia. Wasikilizaji walioko katika kazi ya usafirishaji wanalijua neno free, yaani kuiondoa gia kabisa na kuliacha gari lishuke kwa uzito wake, injini ikiunguruma bila kushikamana na magurudumu. Sababu inayotolewa ni kuokoa dizeli, na pengine lita zilizookolewa zina mnunuzi wake pembeni mwa barabara, jambo ambalo wenye malori hulalamikia zaidi kuliko breki zenyewe. Sababu hiyo ya kuokoa mafuta ilikuwa na chembe ya ukweli kwa injini za zamani. Katika injini za kisasa zinazoongozwa kwa kompyuta, gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini; likiwekwa free, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Dereva anayeshuka free katika lori la namna hiyo anahatarisha maisha kwa ajili ya akiba ambayo haipo.

Gia nzito, yaani zile za chini ambazo gari hupandia mlima, ndiyo breki ya kwanza ya mteremko. Injini iliyofungwa na gia nzito hukataa kuzunguka upesi, na ukinzani huo hulizuia gari bila kuchosha viatu. Malori mengi yana pia kizuizi cha moshi, yaani kilango kinachoziba njia ya kutolea moshi ili injini izidi kuwa nzito. Kanuni ya zamani ya madereva ni kwamba mlima hushukwa kwa gia ileile ambayo ungepandwa nayo, na kwa malori ya sasa yenye injini zisizozuia sana inafaa iwe gia moja chini ya hiyo. Kwa gari dogo la otomatiki linalovuta tela, kiteuzi hutolewa kwenye D na kupelekwa kwenye namba ya chini au herufi L. Lililo muhimu, na ambalo linarudiwa hapa kwa makusudi, ni kwamba gia hiyo huwekwa kabla ya kuanza kushuka. Lori likishachanganya mwendo, gia nzito hukataa kuingia, na dereva aliyeitoa gia moja akitafuta nyingine hujikuta katikati, bila yoyote, kwenye free ambayo hakuikusudia.

Pedali ya breki nayo ina namna yake ya kutumiwa. Wapo wanaoshuka mlima mzima mguu ukiwa umeegemea breki kidogo kidogo, wakiamini kwamba huo ndio uangalifu, kumbe viatu havipati hata dakika moja ya kupoa. Njia inayofundishwa na vyuo vya udereva wa malori ni kuchagua mwendo salama wa mteremko, tuseme kilometa 40 kwa saa, kuacha gari lifike hapo likiwa katika gia nzito, kukanyaga kwa nguvu ya kutosha hadi mwendo ushuke karibu na 30, kisha kuachia kabisa, na kurudia hivyo mpaka chini.

Kuhusu matela madogo na karavani, maelezo yatakuwa mafupi zaidi, ingawa wapo wasafiri wanaotoka Afrika Kusini na matela yao ya kambi hadi Afrika Mashariki, na wapo Waswahili wanaoishi Ulaya na Marekani wanaovikodi vyombo hivi wakati wa likizo bila kufundishwa lolote. Katika Umoja wa Ulaya, tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo. Yaliyo mazito zaidi huwa kwa kawaida na breki za kusukumwa, maana yake kwamba gari la mbele likipunguza mwendo, tela husukuma kiungo chake mbele na msukumo huo ndio unaobana breki za tela. Breki za namna hiyo zina kasoro isiyosemwa sana: mteremkoni tela husukuma wakati wote, kwa hiyo breki zake zinafanya kazi wakati wote, hata dereva asipogusa pedali, na ndiyo maana kusimama kwa mapumziko katikati ya mteremko mrefu ni lazima. Amerika Kaskazini hutumika zaidi breki za umeme, ambazo sumaku zake ndani ya drami huvutwa kila dereva anapokanyaga pedali, na ndani ya gari huwekwa kidhibiti chenye kitufe au mkono wa kuzibana breki za tela peke yake. Dereva anatakiwa kujua kidhibiti hicho kiko wapi bila kukitazama. Tela likianza kuyumba kulia na kushoto, kulibana lenyewe kwa mkono huo hulivuta lirudi kwenye mstari, wakati kukanyaga breki ya gari la mbele kwa ghafla huweza kulifanya tela lisukume gari na vyote viwili vikajikunja barabarani.

Pamoja na tahadhari zote hizo, breki zaweza kufeli. Afanye nini dereva anayekanyaga na kukuta hakuna kitu? Jibu linategemea aina ya breki, na hapa ndipo ushauri mwingi wa vijiweni unapopotosha. Kwenye gari la mafuta ya breki, pedali ikizama, kuikanyaga harakaharaka mara kadhaa kunaweza kurudisha nguvu kiasi, kwa kuwa kila mkanyago husukuma kimiminika zaidi kwenye mabomba. Kwenye lori la upepo kufanya hivyo ni kumaliza upepo uliobaki. Huko mkanyago mmoja ulioshikiliwa ndio wenye faida. Gari dogo hushushwa gia moja baada ya nyingine, bila kuruka, na breki ya mkono huvutwa polepole huku kitufe chake kikiwa kimebonyezwa, ili iweze kuachiwa magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza. Mwenye kidhibiti cha tela hukibana mapema, kabla breki za tela nazo hazijapata moto. Injini haizimwi kamwe, kwa sababu kuizima huufanya usukani uwe mzito, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho usukani waweza kujifunga kabisa. Taa za tahadhari na honi vinawashwa mara moja na kuachwa vikilia na kumulika hadi mwisho, kwani walio mbele hawana njia nyingine ya kujua kwamba gari lililo nyuma yao limekosa uwezo wa kusimama.

Kisha huja uamuzi mzito kuliko yote, wa mahali pa kulipeleka gari. Madereva wengi hupoteza sekunde hizi wakijaribu kuliokoa gari na mzigo, wakilipitisha kona moja zaidi kwa matumaini kwamba mbele kuna tambarare. Mwendo huongezeka kwa kila kona, kwa hiyo kinachowezekana sasa hakitawezekana baada ya dakika moja. Upande wa mlima ni bora kuliko upande wa korongo. Ubavu wa lori ukiburuzwa kwenye ukingo wa udongo huliharibu lori na kulipunguza mwendo. Kichaka, mchanga, shamba lililolimwa au njia ya vumbi inayopanda ni bora kuliko lami inayoteremka kuelekea kwenye soko. Waliomo ndani hubaki ndani wakiwa wamefunga mikanda. Utingo anayefungua mlango na kuruka hufanya hivyo kwa hofu inayoeleweka, lakini huangukia lami kwa mwendo uleule wa lori, na mara nyingi huangukia mbele ya matairi ya tela.

Gari likisimama, kazi haijaisha. Mawe huwekwa chini ya matairi yote yanayofikika, pembetatu za tahadhari huwekwa mbali vya kutosha juu ya kona, na matawi ya miti, ambayo ndiyo alama ya wengi Afrika Mashariki, hutumika pale tu ambapo pembetatu hazipo. Mawe hayo na matawi hayo huondolewa lori linapoondoka, jambo ambalo wengi hawalifanyi, na mwendesha pikipiki wa usiku ndiye anayeyakuta. Drami inayotoa moshi haimwagiwi maji. Utingo mwenye dumu la lita 20 huona drami ikichemka kama sufuria na hudhani ameisaidia. Chuma kilichopata moto kikipoa ghafla hupata nyufa, na ufa huo husubiri mteremko unaofuata. Drami huachwa ipoe kwa hewa, kwa muda wa saa nzima au zaidi, na gari likiwa limezuiwa kwa mawe badala ya breki ya mkono.

Haitakuwa haki kumtwisha dereva lawama yote, maana barabara nayo ina sehemu yake. Mwezi Septemba 2013, huko Fields Hill karibu na Durban, lori lenye tela lilishuka bila breki hadi kwenye makutano ya Pinetown na kuua watu zaidi ya 20 waliokuwa ndani ya teksi za abiria na magari mengine. Dereva alifikishwa mahakamani, lakini mamlaka hazikuishia kwake: malori makubwa yalipigwa marufuku kuutumia mteremko huo. Katika mlima wa Van Reenen, nchini humo humo, kuna vitanda vya kokoto, yaani vipande vya njia ya pembeni vilivyojazwa changarawe nene na laini, ambavyo lori lililopoteza breki huelekezwa humo likazama hadi kwenye ekseli na kusimama. Kitanda cha namna hiyo hakihitaji umeme wala kompyuta; kinahitaji eneo, changarawe safi ya mviringo, na mtu wa kuichambua kila baada ya muda ili isishikamane. Kila mteremko wa Afrika Mashariki ambao jina lake limezoeleka katika taarifa za ajali unastahili kimoja, pamoja na sehemu ya lazima ya kusimama kileleni ambapo malori yote yenye tela yanakaguliwa breki kabla ya kushuka.

Mpaka hayo yajengwe, wito wa kipindi hiki unaelekezwa kwa wenye malori zaidi kuliko kwa madereva. Dereva anayelipwa kwa hesabu ya safari, na anayepigiwa simu kila saa aulizwe amefika wapi, hatasimama kileleni kugusa drami na kusikiliza kama upepo unavuja. Mwenye lori anayepiga simu hiyo na kuambiwa kwamba dereva yuko juu ya Kitonga, anaombwa aulize swali moja tu, kama breki zimekaguliwa, kisha akate simu na ampe dereva nusu saa yake.